Boma na Darasa: Shule, Ulinzi na Mamlaka ya Serikali katika Nchi ya Mpanda

Katika Kiswahili cha magharibi mwa Tanzania neno boma limebeba mambo manne. Ni uzio wa miti unaolinda ng'ombe usiku. Ni ngome ya mtawala wa kigeni. Ni ofisi ya Mkuu wa Wilaya, hata pale ambapo ngome haipo tena. Na katika miaka ya karibuni ni kuta za darasa au zahanati ambazo wanakijiji wamezipandisha kwa michango yao mpaka usawa wa linta, kisha zikabaki zikisubiri Serikali ilete mabati. Anayetaka kuelewa jinsi watu wa Kibaoni, Usevya, Mamba na vijiji vingine vya bonde la Rukwa, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, walivyofikia mtazamo walio nao leo juu ya shule, askari na Serikali, anaweza kulifuata neno hili kutoka maana moja hadi nyingine, kwa kuwa kila maana iliachwa na kipindi chake.

Mtazamo huo una mambo mawili ambayo kwa mgeni yanaonekana kupingana. Watu hao hao ambao kwa vizazi vitatu wameidai Serikali shule, na kuilaumu kwa kuchelewa kuileta, ndio ambao katika suala la ulinzi walijitengenezea chombo chao wenyewe bila kuomba ruhusa. Historia inaonyesha kwamba hakuna mgongano hapo, kwani shule na askari viliingia katika nchi hii kwa mlango mmoja, na wananchi walijifunza mapema kupokea kimoja huku wakijihadhari na kingine.

Uzio wa miti na ngome ya Karema, hadi 1898

Wapimbwe, Wakonongo, Wabende na Watongwe, wenyeji wa nchi hii, waliishi chini ya watemi wadogo ambao mamlaka yao hayakuvuka mwendo wa siku chache. Malezi ya mtoto na ulinzi wa kijiji vilikuwa kazi za jamaa na majirani, na mtemi aliingia pale tu ugomvi uliposhinda wazee. Utaratibu huo ulitikiswa katika karne ya 19 na biashara ya pembe na watumwa, na baadaye na vita vya Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, vita ambavyo viliwafanya watu wengi waache makazi ya kutawanyika na kujikusanya ndani ya vijiji vyenye uzio. Stanley na Livingstone walipokatiza Ukonongo mwanzoni mwa mwaka 1872, wakitoka Ujiji kwenda Unyanyembe, walipita katika nchi ambayo tayari ilikuwa imejifunza kulala ndani ya boma.

Ngome ya kwanza ya kigeni ilijengwa Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1879, na nahodha Mbelgiji Ernest Cambier aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885 ngome hiyo ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki lililoanzishwa Algiers, na muda si mrefu akaja Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, ili kuulinda umisheni dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa. Mwaka 1889 akafika Adrien Atiman, mtu wa Sudani ya Magharibi aliyetekwa utotoni, akakombolewa na wamisionari na kusomeshwa udaktari Malta. Aliwatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Yafaa kuitafakari picha hii: mafundisho ya kusoma, dawa na bunduki vilikaa ndani ya kuta zilezile, na mtoto aliyetumwa kujifunza herufi alipita mbele ya mlinzi mwenye silaha. Kwa waliokimbilia Karema wakitoroka utumwa, bunduki ile ilikuwa kinga yao. Kwa waliobaki nje, kuta zile zilikuwa tangazo la mamlaka mapya.

Kiboko, 1898 hadi 1919

Utawala wa Wajerumani ulipowafikia watu wa bonde la Rukwa haukuja kwanza na shule. Ulikuja na kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, pamoja na askari waliotumwa kuikusanya. Neno askari, lenye asili ya Kiarabu, halikutofautisha mwanajeshi, polisi na mlinzi wa mlango, na hadi leo katika mazungumzo ya kawaida halitofautishi. Hilo si kasoro ya lugha, kwa kuwa mtu aliyelipokea neno hilo wakati ule alikuwa akikutana na mtu mmoja aliyezifanya kazi zote tatu. Makao ya utawala yalikuwa mbali, huko Bismarckburg, mahali ambapo sasa panaitwa Kasanga, na umbali huo ulimfanya askari anayefika kijijini awe ndiye Serikali yote kwa wakati huo.

Adhabu yake ilijulikana kote kwa jina la hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, vilivyopigwa kwa mjeledi wa ngozi ya kiboko. Katavi ni nchi ya viboko. Wanajaa katika mabwawa ya mto Katuma wakati wa kiangazi hadi maji yasionekane. Jina la mnyama huyo liligeuka kuwa jina la fimbo ya Serikali, na baadaye kidogo likawa jina la fimbo ya mwalimu.

Shule za Serikali ya Kijerumani, iliyotangulia ikiwa ile ya Tanga ya mwanzoni mwa miaka ya 1890, zilikuwa chache na zilikusudiwa kutoa makarani, watumishi wa forodha na maakida wa kuandika daftari la kodi. Nchi ya Mpanda haikupata sehemu kubwa ya shule hizo. Huku kusoma kulibaki mikononi mwa makatekista wa Kikatoliki, kukaitwa dini, na mtu aliyejua kusoma aliitwa msomaji kwa maana ya muumini. Hivyo kizazi cha kwanza cha wasomi hakikuhusishwa na askari wa Serikali, na pengine hiyo ndiyo sababu ya awali ya imani ambayo shule ilipewa na ambayo polisi haikuipata.

Tarishi, ndorobo na risasi ya ardhini, 1919 hadi 1961

Waingereza waliunda polisi ya Tanganyika mwaka 1919, mara baada ya vita, lakini katika wilaya za mbali polisi hao walionekana kwa nadra. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, iliyopitishwa na Gavana Donald Cameron, iliwapa watemi mahakama zao, hazina zao na matarishi, yaani wajumbe wenye sare walioruhusiwa kukamata. Mfumo huo uliitwa utawala usio wa moja kwa moja, na ubaya wake mkubwa ulikuwa kwamba ulimchukua mtemi, ambaye zamani aliweza kuachwa na watu wake wakahamia kwa mwingine, ukamfanya mtumishi asiyeachika. Watoto wake walipelekwa shule ya Tabora, iliyofunguliwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya wana wa watemi. Watoto wa watu wengine waliendelea kukaa chini ya mti wa katekista.

Uzoefu mzito zaidi wa mamlaka ya Serikali katika kipindi hicho ulitokana na ndorobo. Ili kuzuia ugonjwa wa malale, Serikali katika miaka ya 1920 na 1930 iliwahamisha watu wa sehemu nyingi za magharibi kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa, na ardhi waliyoiacha ikarudi kuwa pori. Sehemu ya pori la Katavi, ambalo lilikuwa limetengwa kwa ajili ya wanyama tangu enzi za Wajerumani, ilizidi kuwa nchi isiyo na watu wa kuidai. Nia ya daktari ilikuwa njema na maisha mengi yaliokolewa. Hata hivyo wakulima walijifunza kwamba Serikali inaweza kumwondoa mtu kwenye kaburi la babu yake kwa sababu ambayo yeye hakuulizwa, na somo hilo lingerudiwa mara mbili zaidi katika maisha ya watoto wao.

Madini ya risasi ya Mpanda yalileta reli kutoka Kaliua mwaka 1950, na pamoja nayo mji, kituo cha polisi, kambi za wafanyakazi wa kampuni ya Uruwira na mishahara. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na treni ya Mpanda ikawa njia ambayo mtoto aliyefaulu aliondokea kwenda kusoma Tabora, na ambayo kwa sehemu kubwa hakurudia.

Uhuru na amri zake, 1961 hadi 1973

Uhuru ulipokelewa kwanza kama ahadi ya shule. Serikali ya chama cha TANU iliwaondolea watemi mamlaka yao mwaka 1963, na katikati ya miaka ya 1960 chama kikaweka mabalozi wa nyumba kumi, utaratibu ambao kila kaya kumi zilimchagua mtu wa kusuluhisha ugomvi, kupokea wageni na kupeleka taarifa juu. Kwa mara ya kwanza mlinzi wa karibu kabisa na mlango wa mtu alikuwa jirani aliyechaguliwa. Lakini jirani huyo alikuwa pia jicho la chama, na tangu mwanzo kazi hizo mbili hazikukaa pamoja bila kusukumana.

Dola changa ilikuwa na wasiwasi wake. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilimruhusu Rais kumfunga mtu bila kumpeleka mahakamani. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 ilirudisha viboko 24 kwa makosa kama wizi wa mali ya umma, nusu mfungwa anapoingia gerezani na nusu anapotoka, mpaka adhabu hiyo ilipoondolewa na sheria ya mwaka 1972. Maasi ya wanajeshi wa Januari 1964 yalikaribia kuiangusha Serikali. Kisha tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais wa nchi, Mwalimu Nyerere, akawafukuza karibu 400 siku hiyo hiyo. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa, na Machi 1967 Elimu ya Kujitegemea, waraka uliotaka shule iache kuzalisha watu wanaojiona bora kuliko wazazi wao na badala yake iwe jamii yenye shamba na mifugo yake. Haiwezekani kuusoma waraka huo kwa haki bila kukumbuka maandamano yale, kwa sababu ndani yake Serikali ilikuwa ikijibu swali ambalo wakulima wa Mpimbwe, nchi ya Wapimbwe, hawajawahi kuacha kuliuliza: msomi ni mtoto wa nani, wa kijiji kilichomchangia au wa dola iliyomwajiri? Mwaka 1969 shule za misheni zilichukuliwa na Serikali, na darasa la katekista likawa la umma.

Vijiji, wakimbizi na darasa la wote, 1973 hadi 1980

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mtu wa vijijini awe anaishi katika kijiji. Kuishi katika vijiji vya ujamaa, kulikokuwa hiari tangu 1967, kukawa amri, na mwaka 1974 uliofuata ukawa mwaka wa operesheni za kuwahamisha watu. Katika mwaka huo huo mkoa mpya wa Rukwa uliundwa, Mpanda ikitolewa Tabora, na Katavi ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Kwa watu wa kusini mwa hifadhi mambo hayo matatu yalikuwa tukio moja: upande mmoja walivutwa kuelekea barabara na vijiji vilivyopimwa kwa mistari, upande mwingine mpaka ukafungwa nyuma yao na kulindwa na askari wa wanyamapori, na ofisi ya mkoa iliyosimamia yote hayo ilikuwa mpya na yenye haraka ya kuonyesha kazi.

Kaskazini mwa mji wa Mpanda hali hiyo ilikuwa na sura kali zaidi. Wakimbizi wa Burundi, waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, waliwekwa katika makazi ya Katumba kuanzia mwaka 1973 na Mishamo kuanzia 1978. Walipewa ardhi, wakafyeka msitu, na watoto wao wakafundishwa mtaala wa Tanzania kwa Kiswahili. Papo hapo, kwa Sheria ya Kudhibiti Wakimbizi ya mwaka 1965, hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje ya makazi bila kibali cha mkuu wa makazi. Katumba na Mishamo zilizaa wakulima waliolisha mji mzima wa Mpanda, na walikaa katika hali hiyo ya kulelewa na kufungiwa kwa zaidi ya miaka 30, mpaka zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo walipokubaliwa uraia, zoezi lililokamilika kwa vyeti mwaka 2014. Si mahali pengi barani Afrika ambapo Serikali imefanya tendo la ukarimu wa kiasi hicho.

Katikati ya amri hizo ndipo shule ilipomfikia kila mtu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliweka lengo la Elimu ya Msingi kwa Wote, maarufu kwa jina la UPE, ifikapo Novemba 1977. Taifa halikuwa na walimu wala madarasa ya kutosha. Likachukua vijana waliomaliza darasa la saba, likawafunza kwa miaka michache hukohuko vijijini wakiwa wanafundisha, na walimu wa UPE, kama walivyoitwa, wakasimama mbele ya watoto 60 au 80. Wanakijiji walichoma matofali, wakasomba maji na kuezeka nyasi. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini iliongezeka kutoka takriban milioni 1.2 hadi zaidi ya milioni 3 katika muda usiofika miaka 10. Ubora ulishuka, na lawama zilizotolewa kwa jina la UPE zimedumu. Lakini mwanamke aliyezaliwa Mpimbwe mwaka 1968 na anayeweza kusoma barua ya mwanawe anajua alichopata, na hesabu yoyote ya kipindi hicho isiyomtia yeye ni hesabu pungufu.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikafanya mahudhurio kuwa lazima, na mzazi asiyepeleka mtoto akawa mkosaji. Hapo mlango ule mmoja ulionekana tena. Aliyetumwa kumsaka mtoro alikuwa mgambo, raia aliyepewa mafunzo ya kijeshi na, kwa sheria ya mwaka 1975, uwezo wa kukamata. Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu zilimruhusu mkuu wa shule kuchapa viboko. Mzazi wa Kisukuma aliyehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wake, ambaye mvulana wa miaka 10 kwake ni mchungaji na binti ni mahari itakayorudisha kundi, aliipokea shule kama kodi ya aina nyingine. Wengi wamemwita mkaidi. Alikuwa anapiga hesabu ya nyumba yake, na shule ya wakati huo haikumpa jibu la hesabu hiyo.

Sungusungu, 1981 hadi 1989

Wakati Serikali ilipokuwa imeingia katika kila kaya kwa njia ya kijiji na shule, ulinzi ambao ndio kazi ya kwanza ya dola yoyote ulikuwa umedhoofika. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliacha uchumi umechoka na silaha zikizagaa; bidhaa ziliadimika, na wizi wa ng'ombe ukageuka ujambazi wa bunduki. Polisi walikuwa wachache, hawakuwa na magari wala mafuta, na raia wengi waliamini kwamba mtuhumiwa aliyepelekwa kituoni angeonekana sokoni kesho yake.

Kulikuwa na jeraha jingine. Katikati ya miaka ya 1970, katika msako wa watu waliotuhumiwa kwa mauaji ya vikongwe Mwanza na Shinyanga, nchi ya Wasukuma, maofisa wa polisi na usalama waliwatesa watuhumiwa na baadhi yao wakafa. Nyerere hakulificha jambo hilo. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa kuwajibika, wakuu wa mikoa hiyo miwili nao wakaondoka, na baadhi ya maofisa wakashitakiwa na kufungwa. Uwajibikaji wa Mwinyi umekumbukwa kwa heshima inayostahili, na miaka minane baadaye akawa Rais. Hata hivyo kwa Wasukuma wa kawaida mambo hayo yaliacha uamuzi mmoja: polisi wakiwapo wanatesa, wasipokuwapo wezi wanatesa.

Sungusungu walizuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika vijiji vya mpakani mwa Kahama na Nzega. Jina ni la sisimizi weusi waendao kwa safu na kuuma kwa pamoja. Wenyewe walijiita pia Basalama, watu wa salama. Kila kijiji kiliunda jeshi lake lenye mtemi, katibu na makamanda, vijana wakabeba pinde na mishale, na filimbi au yowe, mwano kwa Kisukuma, ikipigwa, kila mwanamume alitoka, na yowe likapokewa kijiji hadi kijiji kiasi kwamba mwizi wa ng'ombe hakuwa na upande wa kukimbilia. Aliyekaidi alitozwa faini, na aliyekataa faini alitengwa: hakuna aliyemsalimia, kumpa moto wala kumzikia. Mizizi yake ilikuwa ya zamani, katika vyama vya vijana vya kulima kwa zamu na katika dagashida, baraza la kijiji zima.

Wahamiaji wa Kisukuma walikuja na chombo hicho katika bonde la Rukwa, na huko kilitoa funzo ambalo wataalamu waliofanya utafiti Mpimbwe, wakiwamo Monique Borgerhoff Mulder na Brian Paciotti, wameliandika kwa makini. Miongoni mwa Wasukuma, waliokuwa na utamaduni wa vyama vya kijiji kizima, sungusungu walikamata wezi na kudumu. Wapimbwe, ambao ushirikiano wao ulifuata zaidi ukoo na ujirani, walijaribu kuunda wa kwao na hawakufika mbali. Hivyo ulinzi wa wananchi haukuwa wa wananchi wote kwa usawa. Mpimbwe mwenye kesi na Msukuma alijikuta mbele ya mahakama ambayo hakuichagua, na ajuza aliyetuhumiwa uchawi hakuwa na wakili mbele ya vijana wenye pinde. Wanaowasifu sungusungu bila kutaja hayo wanasimulia nusu ya habari.

Polisi na mahakama waliwapinga, wakawakamata na kuwashitaki. Nyerere aliona tofauti; aliwatetea kama nguvu ya kimapinduzi ya vijiji, na chama kikafuata mkondo wake. Mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili sungusungu wapate uwezo ule ule wa kukamata. Ushindi huo ulikuwa pia mwanzo wa kupoteza, kwa kuwa tangu hapo kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya ilipata sauti juu ya jeshi la kijiji, na katika maeneo mengi sungusungu waligeuzwa kuwa wakusanyaji wa michango na kodi ya maendeleo, ile kodi ya kichwa iliyorejeshwa katika miaka ya 1980 na kufutwa mwaka 2003.

Nchini Marekani, kwa kulinganisha, mambo yalikwenda kinyume: shule na askari vilianzia mtaani. Koloni la Massachusetts liliviamuru vijiji vyake kuweka walimu mwaka 1647, na hadi leo shule za huko huongozwa na bodi zinazochaguliwa mtaani na kulipiwa kwa sehemu kubwa na kodi ya majengo ya mtaa. Katika majimbo mengi mkuu wa polisi wa wilaya, anayeitwa sherifu, hupigiwa kura. Mmarekani mweupe wa kawaida alianza na shule na askari walio mikononi mwa majirani zake, akaiogopa Serikali ya Washington iliyo mbali. Lakini Mmarekani mweusi, ambaye babu zake huko South Carolina waliwindwa na doria za watumwa tangu mwaka 1704, alikuwa na sababu ya kumwogopa jirani, na mwaka 1957 wanafunzi tisa weusi wa Little Rock, Arkansas, waliingia darasani kwa kusindikizwa na wanajeshi waliotumwa na Rais Eisenhower. Ukaribu wa mamlaka haumhakikishii mnyonge haki, na mjane wa Mpimbwe aliyetengwa na sungusungu angeielewa habari ya Little Rock bila mfasiri.

Mtoto wa mkulima, 2000 hadi 2013

Mizengo Pinda, aliyezaliwa mwaka 1948 katika familia ya wakulima wa Kibaoni, alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1974, akafanya kazi Serikalini na Ikulu kwa muda mrefu, akawa mbunge mwaka 2000 na Waziri Mkuu Februari 2008. Alijiita mtoto wa mkulima, na Kibaoni ilimwona kama jibu la swali la 1967: msomi aliyerudi. Ni katika uongozi wake, mwaka 2012, Katavi ilipopata kuwa mkoa.

Kauli zake mbili za hadharani zinaonyesha jinsi fikra za kijijini kuhusu ulinzi zilivyofika katika kiti cha juu cha Serikali. Mwaka 2009, watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa, alisema wauaji wanaokamatwa nao wauawe. Alipobanwa bungeni kuhusu utawala wa sheria alieleza huku akilia aliyoyaona kwa wahanga. Juni 2013, akijibu swali bungeni kuhusu vurugu za Mtwara na kwingineko, alisema wanaokaidi amri za vyombo vya dola wapigwe tu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Tanganyika wakamfungulia kesi ya kikatiba; upande wa Serikali ukaegemea Ibara ya 100 ya Katiba inayolinda uhuru wa mbunge kusema bungeni, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaitupa kesi hiyo. Kauli ya kwanza ilitoka katika huruma na ya pili katika uchovu, lakini zote mbili zilikuwa na wazo lile lile la yowe la usiku, kwamba mwenye kosa anajulikana na ushahidi ni suala la mjini. Wazo hilo lina maana kati ya watu wanaojuana kwa majina. Mdomoni mwa mwenye dola linageuka ruhusa.

Mwaka huo huo wa 2013 matokeo ya ruhusa za namna hiyo yalionekana. Operesheni Tokomeza, iliyoanza Oktoba 2013 dhidi ya majangili wa tembo, ilisababisha vifo, mateso na ng'ombe kuuawa kando ya hifadhi mbalimbali. Kamati ya Bunge chini ya James Lembeli ilitoa taarifa nzito, na tarehe 20 Desemba Pinda ndiye aliyesimama kulitangazia Bunge kwamba Rais Kikwete ametengua uteuzi wa mawaziri wanne, akiwamo Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani.

Maboma, 2006 hadi 2023

Ada ya shule za msingi iliyorudi wakati wa ufukara wa miaka ya 1980 ilifutwa tena mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2006 kila kata ilihimizwa kujenga sekondari yake. Januari 2016 elimu bila malipo ikafika hadi kidato cha nne. Kila mara watoto walifurika kuliko madarasa, na kila mara vijiji vilirudi kwenye tofali. Mwaka 2006 pia Jeshi la Polisi, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, lilianzisha polisi jamii na ulinzi shirikishi, ambao kwa sehemu kubwa ni sungusungu waliopewa jina la ofisini. Julai 2023 Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipendekeza polisi wabadilike kutoka jeshi kuwa chombo cha huduma.

Mapendekezo ya tume husubiri sheria, kama kuta za shule zinavyosubiri mabati. Kijijini anayehusika na yote mawili ni mtu mmoja, mtendaji wa kijiji, mwajiriwa wa halmashauri: yeye humwita mzazi wa mtoto mtoro, hukusanya mchango wa darasa, na hupokea orodha ya zamu za walinzi wa usiku. Kikao cha kijiji kinapoketi, watu hukaa chini ya kivuli cha boma la darasa lisiloezekwa, na kutoka hapo humtaka mtendaji awasomee mapato na matumizi, aeleze shilingi kwa shilingi.